Haki Iliyohama Bondeni

Asubuhi moja ya Julai mwaka 1996, majirani wa bondeni walimwona Bertilla akitoka kwake bila kikapu kichwani, wakajua kuna jambo. Mwanamke yule hakuwa na desturi ya kupanda mjini mikono mitupu. Alikuwa amejifunga kitenge juu ya sweta, maana baridi ya Julai ya Sumbawanga haina mzaha, na alitembea mwendo wa mtu anayejua anakwenda kumwambia nani nini.

Alikuwa ameamka akakuta rundo lake la matofali limechorwa alama ya X kwa rangi nyekundu.

Matofali yale hayakuwa ya mchezo. Bertilla alizaliwa kijiji cha Msanzi kwa wakulima wa ulezi na mahindi, akaolewa na Zenon, karani wa ghala la ushirika mjini. Walipata mtoto mmoja, Kalista, ambaye siku hizo alikuwa ameshaolewa Mpanda. Serikali iliporuhusu watu binafsi wanunue mahindi moja kwa moja kwa mkulima, malori ya wafanyabiashara yakaanza kupanda kutoka Mbeya, ushirika ukayumba, na Zenon akapunguzwa kazini. Alikaa barazani akiliomboleza ghala lake kama mtu aliyefiwa na ndugu. Bertilla hakukaa. Alibeba ulezi wa Msanzi akashuka nao hadi Kabwe, kando ya Ziwa Tanganyika, akarudi na dagaa na migebuka mikavu, akauza sokoni meza namba arobaini na moja. Zenon alipofariki kwa malaria mwaka 1992, mkewe alikuwa tayari amezoea kuendesha nyumba.

Wazo la matofali lilimjia stendi. Mabasi ya Mbeya yalikuwa yakiingia jioni yamejaa vumbi hadi kwenye kope za abiria, na abiria wenyewe wakishuka wanauliza kitanda. Wanunuzi wa mahindi, wauza mitumba, mafundi redio, wote waliletwa na soko huria na wote walihitaji kulala. Nyumba za wageni zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Bertilla akaamua kujenga yake: vyumba vichache, shuka safi, na ndoo ya maji ya moto kila asubuhi, kwa sababu katika baridi ya Ufipa mgeni asiyepata maji ya moto harudi tena. Kiwanja alikuwa nacho, dakika kumi kwa miguu kutoka stendi, chini kabisa bondeni kando ya kijito. Alikipata mwaka 1989, barua ya toleo, ile ya halmashauri ya kumilikishwa kiwanja, ikiwa na jina lake mwenyewe. Kila kiangazi alifyatulisha matofali kidogo, akayachoma, akayapanga. Mwaka ule rundo lilikuwa limefika urefu wa mtu na nusu. Alikuwa amepanga kuanza msingi mwezi wa Agosti.

Ofisi ya mipango miji ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na kabati lisilofungika. Mezani alikaa dada mmoja mwembamba, Lydia, aliyekuwa na mwaka wa pili tu kazini.

“Shikamoo mama,” Lydia alisema akiinuka.

“Marahaba. Nimekuja kumtafuta aliyechora matofali yangu.”

“Ni mimi, mama. Sikumtuma mtu, nilishika brashi mwenyewe. Karibu ukae.”

Bertilla alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, lakini jibu lile lilimtoa upepo kidogo. Akakaa. Lydia alikunjua ramani, akazizuia pembe zake kwa chupa ya wino na mawe mawili, akamwonyesha. Mji ulikuwa umepanda hadi juu ya miteremko, na kila nyumba mpya ya bati iliongeza maji ya kuteremka. Kila Machi maji hayo yalipita sokoni, yakaingia madukani, yakaburuta magunia. Dawa yake ilikuwa mtaro mkubwa wa mawe kufuata kijito, na barabara kando yake. Viwanja tisa vya bondeni vilikuwa njiani.

“Bustani mtaendelea kulima,” Lydia alisema. “Mboga hazizuii maji. Ila nyumba mpya, hapana.”

“Na fidia?”

Lydia alitazama ramani kabla ya kujibu. “Nisikudanganye, mama. Fedha ya mtaro wenyewe bado tunaitafuta. Ya fidia hatujaanza hata kuitafuta.”

Bertilla aliwaza juu ya meza yake ya sokoni. Miaka miwili nyuma, banda la soko lilipoezuliwa ili liezekwe upya, wauzaji walihamishiwa uwanjani. Kila mtu alikwenda na namba yake. Banda lilipofunguliwa, meza zilikuwa mpya na zimepangwa vingine, lakini yeye alirudi na arobaini na moja yake, akapewa nafasi. Wapo ambao hawakurudi. Waliwaachia wengine namba zao, na walilipwa. Kumbe namba haikuwa ya meza. Ilikuwa ya mtu.

“Mwanangu,” alisema, “nina haki ya kujenga pale, au sina?”

“Unayo. Barua yako ni halali kabisa.”

“Basi mkinizuia nisiitumie pale, haijafa. Nipeni niitumie mahali pengine.”

Lydia alimtazama kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Alifungua kabati lile lisilofungika, akapekua, akatoa daftari la chuoni lililokunjamana. Huko Chuo cha Ardhi, alieleza, mwalimu mmoja aliwahi kuwafundisha kwamba ipo miji ya nje ambako haki ya kujenga inaweza kutenganishwa na kiwanja kimoja, ikahamishiwa kingine, mahali ambapo mji unataka majengo yaongezeke.

“Niliandika nikafunga daftari,” Lydia alisema. “Nilidhani ni mambo ya huko kwao.”

“Na namba yangu ya meza, nayo ni mambo ya huko kwao?”

Wakacheka wote wawili, na tangu siku hiyo hawakuachana.

Mahali pa kuipeleka haki palikuwepo. Kwenye mtaa wa soko wafanyabiashara walikuwa wakilia kila siku waruhusiwe kujenga ghorofa, na halmashauri ilikuwa ikiwaruhusu nyumba za chini tu. Lydia aliandika pendekezo: mwenye kiwanja bondeni akiacha wazi njia ya maji, apewe cheti cha haki yake ya kujenga. Anayetaka ghorofa mtaa wa soko aipate haki hiyo kwa watu wa bondeni, kwa maelewano yao, na juu yake achangie mawe na saruji ya mtaro. Hivyo mji ungepata njia ya maji bila kulipa fidia ambayo haukuwa nayo, na mtaro ungejengwa kwa nguvu ya wale wale ambao maduka yao yangepona.

Lilionekana jambo jepesi, lakini lilichukua mwaka mzima. Katika baraza la madiwani, diwani mmoja alisimama akauliza kama sasa watu wa Sumbawanga wanauziana hewa. Ukumbi ukavunjika mbavu. Maneno yalifika sokoni kabla ya kikao kwisha, na kuanzia siku ile watoto wa shule walimwita Bertilla Mama Hewa. Yeye aliitikia. “Ndiyo, mimi. Unataka kilo ngapi?” Katikati ya mwaka 1997 baraza lilikubali, kwa majaribio, viwanja tisa na mtaa mmoja tu. Vyeti vilipigwa chapa kwa taipureta ya Lydia, vikagongwa muhuri.

Wa kwanza kunusa biashara alikuwa Ndalahwa. Alikuwa Msukuma aliyehamia Rukwa na ng’ombe wa baba yake, akauza nusu ya kundi, akaingia kwenye mahindi, na sasa alikuwa na lori na duka la nafaka mtaa wa soko. Alitaka ghorofa kuliko mtu yeyote mjini. Hakuja mwenyewe. Alimtuma dalali kupita nyumba kwa nyumba, akiwaahidi wenye vyeti vitu vidogo vidogo ili wamwachie.

Dalali alianza kwa Basil, fundi viatu, jirani wa Bertilla. Siku ya pili Bertilla alimkuta Basil akiizunguka baiskeli mpya aina ya Phoenix iliyosimama uani kwake, akilipapasa tandiko.

“Umekwisha kumpa cheti?” Bertilla aliuliza.

“Jioni ndiyo anakuja kukichukua. Mama Kalista, ile ni karatasi tu. Baiskeli hii naiona kwa macho.”

“Karatasi hiyo ndiyo ngazi ya Ndalahwa. Bila hiyo hapandi juu hata akinunua saruji yote ya Mbeya. Sasa wewe unamwuzia ngazi kwa baiskeli?”

Basil aliitazama baiskeli, akamtazama jirani yake. “Na asiporudi tena?”

“Atarudi. Mwenye njaa ya ghorofa ni yeye. Sisi tuna mboga zetu.”

Jumapili ile, baada ya Misa ya pili, Bertilla aliwaita wenye vyeti wote tisa uani kwake, akawapikia ugali wa ulezi na migebuka. Walikuwemo wajane wawili, Silvana na Agnesi, na wazee ambao hawakuwa wamewahi kukaa kikao kimoja tangu ugomvi wa mpaka wa mwaka 1985. Wakala kwanza. Kisha wakakubaliana mambo mawili: hakuna atakayeuza peke yake, na hakuna atakayetoa cheti kabla mawe ya mtaro hayajafika kiwanja cha mwisho, ambacho ni cha Bertilla. Baiskeli ilirudishwa Jumatatu. Basil aliisukuma kwa mkono hadi dukani kwa Ndalahwa bila kuipanda, asije akaambiwa ameitumia.

Taabu nyingine ilitoka nyumbani. Shemeji yake Valerian, mdogo wake Zenon, alipanda lori la mahindi kutoka Msanzi mara tu aliposikia. Alikuwa mtu mpole, lakini siku ile alifika na uso wa kesi.

“Shemeji, nasikia unauza ardhi ya kaka yangu.”

“Karibu kwanza, shemeji. Kunywa chai.”

“Nitakunywa nikishajibiwa.”

Bertilla aliingia ndani akatoka na bahasha ya plastiki. Alimpa barua ya toleo ya mwaka 1989, akangoja aisome mstari kwa mstari. Valerian alisoma jina, akaisoma tarehe, akarudi tena kwenye jina.

“Kiwanja hiki nilikipata kwa dagaa wa Kabwe, Zenon akiwa hai na akijua,” Bertilla alisema kwa upole. “Na siuzi ardhi. Ardhi inabaki, bustani inabaki. Ninachohamisha ni ile nyumba ambayo sitaruhusiwa kuijenga hapa. Ningekuwa nauza kaburi la kaka yako, ningekuita mimi mwenyewe.”

Valerian aliirudisha barua kwenye bahasha, akauliza chai iko wapi. Kabla ya kuondoka alikubali kuwa shahidi kwenye mkataba utakapofika, na Bertilla alifurahi kuliko alivyoonyesha, kwa sababu katika mji ule mwanamke ambaye mkataba wake umesainiwa na shemeji yake hasumbuliwi na mtu.

Ndalahwa naye alipoona dalali ameshindwa, alianza kuleta mawe, shingo upande, ili asionekane mkaidi mbele ya halmashauri. Wenye maduka wengine wawili wakafuata. Mafundi walianza kujenga mtaro kutoka juu kuteremka, na hadi Januari 1998 walikuwa wamepita soko. Kisha zikaja mvua za mwaka ule, ambazo wazee walisema hawajaziona mfano wake.

Siku mbaya zaidi ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa pili. Ilianza kunyesha saa nne asubuhi. Bertilla alifunga meza yake akateremka bondeni, mwavuli umegeuka nje ndani, akasimama kwenye ngazi ya Basil akitazama. Maji yaliteremka ndani ya mtaro mpya yakiwa mekundu, yanakwenda mbio, yamenyooka. Yalipofika mwisho wa ukuta wa mawe, hatua kama mia moja kabla ya kiwanja chake, yalifunguka kama mkono. Yalipita kwenye sukumawiki ya bustani yake. Yalikwenda kwenye rundo la matofali, yakala udongo chini yake, na upande mmoja ukalala taratibu ndani ya maji, safu baada ya safu.

Hakulia. Kazi ya viangazi viwili ilikuwa imezikwa matopeni mbele ya macho yake, na kwa mara ya kwanza alijiuliza kama diwani yule hakuwa amesema kweli, kwamba ameshika karatasi na kuachia nyumba.

Mvua ilipokatika alasiri, alipanda sokoni. Alitaka kuona. Kila baada ya mvua kubwa alizoea kukuta watu wakikausha magunia juani na kulaani. Siku ile mtaa ulikuwa umelowa tu, kama mtaa wowote ulionyeshewa. Mbele ya duka lake, Ndalahwa alikuwa amesimama na viatu vya mvua alivyovaa bure, akitazama sakafu kavu na magunia yake ya mahindi yaliyopangwa hadi dari.

“Mama Kalista,” alisema, akivua kofia. “Tangu nifungue duka hili, ni mwaka wa kwanza maji hayajaingia.”

“Nimeona. Maji yako yamekuja kwangu. Duka lako limelala kavu, matofali yangu yamelala kwenye tope. Sasa baba, tuzungumze, na usimtume mtu.”

Ndalahwa alicheka kwa aibu, akamletea kigoda. Mkewe Kabula alitoka nyuma na chai. Walizungumza hadi duka la jirani likafungwa. Ndalahwa alitaka kumlipa fedha taslimu ya cheti amalizane naye. Bertilla alikataa.

“Fedha itakwisha, na ghorofa itabaki. Wewe una kiwanja, mimi nina haki ya kupanda juu yake. Matofali ninayo pia, yaliyobaki yanatosha kuta. Chini kote kwako. Juu tugawane. Vyumba vya upande wa stendi viwe vyangu na vya uzao wangu, vyenye ngazi yake nje.”

“Nigawane nyumba na mtu nisiyekuwa na undugu naye?”

Aliyemjibu alikuwa Kabula. “Ng’ombe wako si wanachungwa na watu usio na undugu nao? Mbona hujawahi kulalamika?”

Ndalahwa aliwatazama wanawake wale wawili, akajua amekwisha. Akaomba jambo moja, kwamba ngazi isizibe mlango wa kupakilia magunia. Bertilla alisema hiyo ni haki yake kabisa.

Mawe yalifika kiwanja cha mwisho mwezi wa Septemba. Siku iliyofuata watu tisa walikwenda pamoja kwa Lydia na vyeti vyao. Mkataba wa Bertilla na Ndalahwa ulisomwa na mwanasheria kwa sauti mara mbili, na mara ya pili Bertilla alimsimamisha kwenye neno ngazi ili liandikwe wazi ni nje upande gani. Valerian aliweka sahihi akiwa amevaa koti la Pasaka. Wengine wanane waliafikiana na wenye maduka wawili waliobaki. Basil hakudai baiskeli; alidai fremu ya duka mtaa wa soko, akapata, akaanza kushona viatu vipya badala ya kutia viraka vya zamani.

Ghorofa ilichukua mwaka mmoja na nusu. Matofali yalipandishwa kwa mikono, moja moja, watu wamejipanga kwenye jukwaa la miti. Bertilla alikagua kila siku, na fundi aliyeweka tofali lililomeguka alilishusha mwenyewe. Juni 2000 alitandika vitanda vinne, kimoja chake mwenyewe. Mgeni wa kwanza alikuwa mnunuzi wa maharage kutoka Iringa, aliyelala na soksi na kuamshwa na ndoo ya maji ya moto mlangoni. Alikaa siku tisa. Aliporudi mwezi uliofuata alikuja na wenzake watatu, na Bertilla alilala sebuleni kwa Kabula ili wapate vyumba vyote.

Mwaka 2002 Lydia alihamishiwa Tabora. Alikuja kuaga akiwa amebeba lile daftari la chuoni, akataka kumwachia Bertilla. Bertilla alikataa kulipokea.

“Huko unakokwenda nako kuna mabonde. Utalihitaji.”

“Na wewe mama? Ofisa mpya hakufahamu.”

“Atanifahamu.”

Na alimfahamu upesi. Watu wa mteremko wa juu, ambao siku zote walichota maji mbali, walikuwa wamesikia kwamba halmashauri inatafuta mahali pa kujenga tangi la maji, na kwamba viwanja vitano viko njiani. Walimfuata Bertilla wakiwa na wasiwasi, mmoja wao, Josefina, akilia kwamba nyumba yake haijafika hata kwenye linta ya madirisha. Bertilla aliwakalisha kwenye ngazi ya nje, akawauliza swali moja moja: barua ya toleo ina jina la nani, umeanza msingi lini, uko tayari kujenga mtaa gani. Majibu aliyaandika yeye mwenyewe. Jumatano, saa mbili asubuhi, kabla ofisa mpya hajamaliza kufungua madirisha, akina mama wanne, baba mmoja na Bertilla walikuwa wamekaa kwenye benchi la ofisi ya mipango miji, barua zao magotini, na Bertilla ndiye aliyeinuka kwanza.

“Habari za asubuhi, mwanangu. Tumekuja kukusaidia kazi ya tangi.”